Umefunga Spea Mpya, Taa ya Dashibodi Ikawaka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Malalamiko yanayoletwa gereji za Arusha na Moshi kuhusu spea zisizo za kiwandani yanafanana sana. Gari lilikuwa na tatizo dogo, spea mpya ikafungwa, taa ikawaka. Au taa ilikuwepo tangu mwanzo, spea ikabadilishwa ili izime, ikagoma. Mwenye gari anaambiwa amepigwa, spea ni feki. Ananunua ya pili kwa bei kubwa zaidi, na taa inabaki palepale.

Spea feki zipo, na nyingine zinaua injini. Lakini kabla ya kuilaumu spea, kagua kitu kilichoguswa mwisho. Soketi ambayo haikulia "tak" wakati wa kubanwa, mpira wa hewa uliochanika wakati wa kufungua, waya wa arthi uliosahaulika, na spea nzima ya injini nyingine: hivyo vinne vinasababisha taa nyingi kuliko ubovu wa spea yenyewe. Kompyuta ya gari haijui jina la spea mbovu. Inajua tu kwamba kipimo fulani kimetoka nje ya mipaka yake.

Rangi ya taa inakuambia uharaka. Nyekundu (oili, joto, betri, breki) ina maana simama pembeni sasa. Njano ina maana unaweza kufika gereji kwa mwendo wa upole, isipokuwa moja: taa ya cheki injini inayopepesa. Hiyo ichukulie kama nyekundu, na sababu iko chini.

Dakika kumi za kwanza, kwa gari lolote

Washa swichi bila kupiga stata. Taa zote za onyo lazima ziwake, kisha zizime injini ikishawaka. Kama taa ya cheki injini haiwaki kabisa kwenye swichi, balbu imekufa au mtu ameizima kwa makusudi ili auze gari. Ukienda kuangalia gari la kununua, fanya hili kabla hata ya kufungua boneti.

Chomeka kisomaji cha namba za hitilafu kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani. Andika namba zote za hitilafu kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote, pamoja na hali iliyohifadhiwa wakati taa inawaka: joto la injini, mzunguko, mwendo. Namba inayotokea gari likiwa baridi limesimama na inayotokea kwenye mwendo wa 80 mara nyingi hazina chanzo kimoja, hata kama zimeandikwa sawasawa.

Usichomoe betri ili kuzima taa. Utakuwa umefuta ushahidi pamoja na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza. Injini itatetemeka siku mbili tatu, halafu taa itarudi kama tatizo bado lipo.

Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japan hayaelewani na visomaji vya bei rahisi. Kwa Toyota nyingi za aina hiyo, waya mfupi ukiunganisha pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi ileile, swichi ikiwa imewashwa, taa ya cheki injini inapepesa namba yenyewe. Ikipepesa mfululizo kwa kasi ileile, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Hesabu pini mara mbili kabla ya kugusa: ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukikosea utaunguza fyuzi au kompyuta. Kama mkono hauna uhakika, hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Mwisho, linganisha spea ya zamani na mpya zikiwa meza moja: namba iliyochapwa, idadi ya pini, urefu, nyuzi. Usimwachie fundi aitupe ya zamani mpaka gari limetembea siku kadhaa. Dukani usitaje "ya IST" peke yake. IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ-FE ya sisi 1,300, na ya NCP61 ina 1NZ-FE ya sisi 1,500. Namba hiyo iko kwenye kibati ndani ya boneti, kipige picha uende nayo.

Cheki injini imewaka baada ya kugusa filta ya hewa au throto

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni soketi ya sensa ya hewa iliyoachwa wazi au haikuingia vizuri. Dalili yake ni namba mbili kuja pamoja, P0102 na P0113, kwa sababu kwenye Toyota nyingi sensa ya kiasi cha hewa na ya joto la hewa zimo kwenye kifaa kimoja. Ukiziona zote mbili usinunue sensa. Chomoa soketi, angalia kama kuna pini iliyopinda, irudishe mpaka isikike.

Kinachofuata ni hewa inayoingia baada ya sensa bila kupimwa. Namba huwa P0171, na injini hupanda na kushuka gari likiwa limesimama. Bana klempu za mpira mkubwa wa hewa, kisha ukunje mpira kwa mikono ukitazama ndani ya mikunjo, kwa sababu mipasuko hujificha humo na haionekani mpira ukiwa umetulia. Fuata vimipira vidogo vya vakumu mpaka mwisho wake. Bado huoni? Nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma: mahali ambapo sauti inabadilika ndipo panapovuta. Mafundi wengine hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki. Usifanye hivyo juu ya injini ya moto, magari yameungua namna hiyo.

Cha tatu ni uchafu kwenye sensa yenyewe. Filta za kuoshwa na kupakwa oili zinapendwa na watu wanaotaka injini ipumue zaidi, lakini oili ikizidi huchukuliwa na hewa na kuganda kwenye kiwaya chembamba cha sensa, na vumbi linakamatia hapohapo. Sensa inaanza kusoma hewa pungufu. Isafishe kwa dawa maalumu ya sensa ya hewa tu, ukinyunyiza kwa mbali, bila kugusa kiwaya kwa brashi, pamba wala kidole. Iache ikauke kabisa kabla ya kuchomeka.

Hapa kwetu kuna jambo la kutazamwa kuliko taa yenyewe. Chukua kitambaa cheupe, toa mpira wa hewa, na ufute ndani yake upande wa injini, yaani baada ya filta. Kitambaa kikitoka na unga wa kahawia, filta inapitisha vumbi. Ama ni nyembamba kuliko kisanduku chake, ama mpira wa pembeni ni mgumu na haukai, ama kisanduku hakikufungwa klipu zote. Vumbi hilo ni msasa: linakula ringi na silinda, na hakuna taa itakayokuonya mpaka gari lianze kula oili. Kwenye Land Cruiser za safari zilizofungiwa snorkeli (bomba refu la kuvutia hewa juu), kagua kila ungio kati ya kisanduku cha filta na injini. Snorkeli ikivuja kabla ya filta, filta inachafuka mapema, na ukivuka mto maji yanaweza kuingia. Kuvuja baada ya filta kunamaliza injini. Gari lililotoka barabara za vumbi za Longido au Serengeti likaguliwe kila linaporudi.

Sensa ya hewa kuwa feki ni chanzo cha mwisho kwenye orodha. Injini ya sisi 1,500 ikiwa ya moto, imesimama, kiyoyozi kimezimwa, kisomaji kinatakiwa kuonyesha karibu gramu 2 za hewa kwa sekunde. Ukikanyaga namba ipande papo hapo bila kukwama. Ikibaki ileile, au ikirukaruka bila mguu kusogea, sensa haifai.

Jambo moja lisikupotoshe. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya pwani. Gari lililopandishwa kutoka Dar likipungua nguvu kidogo mlimani, bila taa na bila kutetemeka, halina ugonjwa.

Injini inamisi, taa inapepesa

Kupepesa maana yake mafuta yasiyoungua yanapita kwenda kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi. Masega yanapata joto kali kiasi cha kuyeyuka, na gari lililoegeshwa juu ya nyasi kavu linaweza kuziwasha. Ondoa mguu, egesha, zima. Kama huna njia nyingine, sogea taratibu mpaka mahali salama tu.

Namba P0301 hadi P0304 inakutajia silinda inayomisi, yaani isiyochoma mafuta vizuri. P0300 inasema silinda zinabadilishana, na hapo fikiria mafuta au hewa kabla ya plagi.

Ikiwa plagi au koili zimebadilishwa karibuni, anza na soketi za koili. Kibano cha plastiki kwenye magari ya umri huu kimekauka na huvunjika kirahisi, fundi akakirudisha bila kukwambia, na soketi inalegea gari likipita kwenye matuta. Kisha vuta koili moja moja utazame mpira wake mrefu. Ukiona mstari mweusi mwembamba unaoshuka kama ufa wa kalamu ya risasi, umeme unarukia pembeni badala ya kufika kwenye plagi. Ukiona oili imelowesha mpira, gasketi ya tapeti kava inavuja ndani ya mashimo ya plagi. Utabadilisha koili mara tatu na zitakufa zote kama gasketi haijaguswa. Maji nayo huleta hali hiyohiyo, hasa baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya presha. Mwambie muoshaji asielekeze presha kwenye koili. Kama yameshaingia, toa koili na upulize mashimo kwa hewa kabla ya kupiga stata.

Kupima koili hakuhitaji hela. Koili ya silinda ya 1 ipeleke ya 2, ya 2 ije ya 1, futa namba, washa. P0301 ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, fanya vivyo hivyo kwa plagi. Ikigoma tena, ni injekta, waya au mgandamizo. Nunua baada ya jaribio hili, si kabla.

Plagi zenyewe zina makosa matatu. La kwanza ni nafasi. Injini za 1NZ-FE na 2NZ-FE zinataka milimita 1.1, na plagi mpya huweza kufika ikiwa imebanwa kwa kuangushwa. Pima kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), lakini usipinde wala kuingiza kitu kwa nguvu kwenye plagi ya iridiamu, ncha yake huvunjika. La pili ni namba ya joto isiyo sahihi: plagi baridi kupita kiasi hujaa masizi, na ya moto kupita kiasi hugonganisha injini na inaweza kutoboa pistoni. La tatu ni kukaza. Plagi mpya yenye washa (pete ya chuma chini yake), iingize kwa vidole mpaka ikae, kisha ongeza nusu zungusho. Kama unayo spana ya kupima nguvu, tumia kipimo cha injini yako. Ikigoma kwa vidole mizunguko miwili ya kwanza, itoe. Ukilazimisha kwa spana unachana nyuzi za silinda hedi, na hiyo ni kazi ya fundi wa mashine za kuchonga.

Acha na uite fundi: mgandamizo wa silinda moja ukiwa chini sana kuliko wenzake, injini ikigonga kama nyundo, au gari lako likiwa na injini ya sindano ya moja kwa moja, mfano 1AZ-FSE ya Toyota. Mfumo wake wa mafuta una presha kubwa inayoweza kupenya ngozi. Usifungue mrija wake hata mmoja nyumbani.

Gari linatembea sawa, lakini cheki injini imekaa na mafuta yanaisha haraka

Hapa ndipo sensa za oksijeni hununuliwa bure. P0420 haisemi sensa imekufa. Inasema masega hayasafishi moshi, na kwenye magari mengi sababu ni kwamba masega yalishatolewa na kuuzwa. Ingiza mkono chini ya gari lililopoa ugonge kopo la masega: likiwa na mwangwi wa debe tupu, umeshajibiwa. Sensa mpya haitazima taa hiyo. Kabla ya kufikia hapo, tafuta ekzosi inayovuja karibu na sensa, maana gasketi mpya isiyokaa huingiza hewa na kuidanganya kompyuta.

P0135 ni kihita cha sensa ya mbele. Angalia fyuzi, kisha multimita kwenye nyaya mbili za rangi moja. Multimita ikisoma wazi, yaani umeme haupiti, kihita kimekatika.

Sensa za jumla, zile zinazouzwa bila soketi ili uunge waya mwenyewe, zina mtego wa rangi. Kwenye sensa za Denso nyaya mbili nyeusi ni za kihita, ya bluu ni ya ishara, nyeupe ni arthi. Kwenye sensa za Bosch nyeupe mbili ndizo za kihita, nyeusi ni ya ishara, kijivu ni arthi. Fundi akiunga nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe, amepeleka umeme wa kihita mahali pa ishara. Fuata kazi ya waya, usifuate rangi. Tena, Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina mbele sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo kwa macho haitofautiani na sensa ya oksijeni. Haziingiliani. Ukifunga moja mahali pa nyingine, injini italewa mafuta au itakauka, na hakuna kisomaji kitakachokuandikia "umefunga aina isiyo yake".

Sensa ya kawaida ikifanya kazi, kwenye kisomaji ishara yake huruka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia injini ikiwa ya moto. Ikilala chini muda wote, tafuta hewa inayovuja au pampu ya mafuta dhaifu kabla ya kuituhumu. Pampu ya tangi isiyo ya kiwandani ni mshukiwa mzuri wa P0171 inayokuja gari likipanda mlima tu, mfano njia ya Marangu au Kibosho. Injini ya 1NZ-FE inataka presha ya kPa 304 hadi 343. Kipimo hiki kifanywe na fundi mwenye geji, nje, mbali na moto.

Silikoni nayo inaua sensa. Silikoni ya gasketi isiyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa hutoa mvuke unaoweka utando mweupe kwenye ncha, na sensa haifufuki.

Taa nyekundu ya oili baada ya sevisi

Zima injini. Usimalizie safari, hata kama nyumba inaonekana. Taa hii haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Ikiwaka, vyuma vinasagana sasa hivi.

Kagua chini ya gari kwanza. Gasketi ya filta ya zamani mara nyingi hubaki imeganda kwenye injini, fundi anafunga filta mpya juu yake, na gasketi mbili zikikaa pamoja hutoka kwa ghafla na kumwaga oili yote barabarani. Kila mara filta inapotolewa, itazame: gasketi iwe imetoka nayo. Futa uso wa injini kwa kidole, paka oili gasketi mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya zungusho. Filta haikazwi kwa mnyororo.

Kisha kijiti. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Chupa ya lita 4 isimiminwe yote. Oili ikizidi sana inapigwa na shafti na kuwa povu, na povu halishiki presha.

Taa ikichelewa kuzima kila asubuhi, huku injini ikigongagonga sekunde chache za mwanzo, filta haina kivalvu cha kuzuia oili isishuke, au ina kibovu. Filta nyingi za bei ya chini zina ugonjwa huu. Badilisha filta usikilize asubuhi inayofuata.

Taa ikipepesa injini ya moto tu, ikiwa imesimama, kuna mambo matatu kwa mpangilio huu: swichi ya presha (rahisi, na huvuja oili kwenye soketi yake), oili nyepesi au iliyochoka, na chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) likizibwa na silikoni. Ukiona sampu imepakwa silikoni iliyofurika nje, jua kiasi kilekile kimefurika ndani, na vipande vyake vinaishia kwenye chujio. Usibadilishe swichi na kuridhika. Fundi afunge geji ya mkono mahali pa swichi asome presha halisi.

Oili nzito nayo ina taa yake. Injini zenye VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) zilizotengenezewa oili ya 5W-30 zikijazwa 20W-50 kwa imani kwamba nzito ndiyo inayolinda, valvu ndogo ya VVT-i hushindwa kufuata amri na P0011 hutokea. Badili oili na filta, safisha kichujio kidogo cha valvu hiyo, pima ukinzani wake: ohmu 6.9 hadi 7.9 kwenye baridi ya nyuzi 20. Ikiwa ndani ya hapo, valvu haina kosa la umeme.

Sindano ya joto inapanda, au haipandi kabisa

Hii inastahili uangalifu zaidi kwetu sisi tunaoishi juu. Maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 95 Arusha, na kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro karibu nyuzi 92. Kinachozuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Kwa hiyo kifuniko cha bei ya chini chenye springi legevu, ambacho Tanga kingesameheka, hapa kinachemsha gari kwenye mpando wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Kifuniko kina namba juu yake, 0.9 au 1.1. Rudisha namba ileile iliyokuja na gari. Usikifungue injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kukuunguza.

Baada ya kifuniko, kagua hewa iliyobaki kwenye mfumo. Gari lililobadilishwa rejeta au pampu ya maji likichemsha siku ileile, mara nyingi halijatolewa hewa. Liinue pua, kifuniko wazi injini ikiwa baridi, hita ya ndani ikiwa kwenye moto wa mwisho, jaza taratibu mpaka mapovu yaishe.

Halafu themostati. Desturi ya kuitoa na kuitupa imeharibu injini nyingi. Kwenye Toyota nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia fupi ya maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, yaani gari linaweza kuchemsha zaidi mlimani. Na kwenye baridi ya Juni na Julai injini haifikii joto lake, P0128 inawaka, kompyuta inaongeza mafuta. Ipime mpya kabla ya kufunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Ya 1NZ-FE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ifunge kitundu chake kidogo kikiwa juu.

Feni ikizunguka mfululizo tangu unapowasha, shuku sensa ya joto la maji au soketi yake. Kompyuta ikipoteza ishara hiyo huwasha feni kwa tahadhari.

Jaza kulanti iliyochanganywa na maji safi yaliyoondolewa madini, si ya kisima. Maji ya chumvi yanaweka magaga ndani ya rejeta ndogo za alumini.

Simama na uite fundi: mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiunguruma, oili yenye rangi ya maziwa, au moshi mweupe usiokoma. Hiyo ni gasketi ya hedi. Dawa za kumimina hazitaiponya, na kila kilomita unayoongeza inapinda hedi.

Taa ya betri haizimi baada ya kufunga alteneta

Kama taa ya betri imewaka na sindano ya joto inapanda kwa pamoja, mkanda umekatika. Kwenye 1NZ-FE mkanda mmoja unazungusha alteneta na pampu ya maji. Zima mara moja.

Vinginevyo multimita inamaliza mjadala. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma isome kati ya 13.5 na 14.8. Ikizidi 15, rekyuleta (kidhibiti cha volti) ni mbovu na itapika betri na kompyuta. Ikibaki 12, kagua mkanda, fyuzi ya alteneta, kisha soketi yake. Alteneta nyingi za Toyota zina nyaya tatu kwenye soketi, zikiandikwa IG, S na L, na ya mtumba huweza kuwa na mpangilio tofauti ingawa soketi inaingia. Usikubali fundi akate waya ili taa izime.

Dizeli: taa ya maji kwenye filta, na taa ya T-BELT

Taa ya maji ikiwaka baada ya kujaza mafuta, fungua bomba dogo chini ya filta, weka chombo, pampu kwa mkono mpaka itoke dizeli tupu. Ikiwaka baada ya kubadilisha filta, angalia kama sensa ya chini ilihamishwa pamoja na soketi yake. Ikirudi tena kila unapojaza, badilisha sheli, na tangi lisafishwe kabla maji hayajafika kwenye pampu ya sindano.

Taa ya T-BELT, yaani ya mkanda wa taimingi, haipimi mkanda, inahesabu kilomita, kwa magari mengi ya soko la Japan kila 100,000. Huzimwa kwa mkono nyuma ya dashibodi, kwa hiyo kuzima kwake hakuthibitishi kitu. Ukinunua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ au Prado yenye ya 1KZ bila maandishi ya lini mkanda ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, kwa sababu ukikatika valvu hukutana na pistoni. Funga mkanda pamoja na rola yake ya kukaza, si mkanda peke yake. Alama zikishakaa, zungusha shafti kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole, kabla ya kugusa stata. Ikikwama popote, usilazimishe hata nusu sentimita: rudi kwenye alama, au mwite fundi aliyewahi kuifunga injini hiyo. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya rangi kwenye kava la mkanda, ili atakayefungua baada yako asome.